Ritifaa

Neno la kwanza kunishinda ubaoni lilikuwa *ng'oa*.
Niliandika *ngoa*. Mwalimu Bahebe akacheka:
umesahau ritifaa,
kale kamsumari kanakoning'inia begani kwa g.
Bila hako umeandika kitu kingine kabisa.
Hakusema kitu gani. Kengele ililia.

Nyumbani neno hilo lilikuwa na kazi kila siku.
Mama aling'oa magugu maji pale Kirumba,
kwa reki na kwa mikono, ziwa likimfika kiunoni,
na Jumatatu yalikuwa yamerudi na maua yake ya zambarau
kana kwamba hakuna aliyeyatukana.
Lugata aling'olewa jino kwa uzi na kitasa cha mlango.
Vijana wa Mlango Mmoja waling'oa saitimira usiku,
mchana wakajisifu wamemng'oa binti wa mwenye duka
ambaye, nijuavyo mimi, hata shingo hakuwageuzia.
Na meli ya Ukerewe iling'oa nanga kwa honi ndefu;
hapo tu ndipo neno lilipovaa nguo za sikukuu:
kitu kinang'olewa, na watu wanapunga leso.

Barua ya mtaa haikulitumia.
Barua ilisema *kupisha*.
Mnaombwa kupisha.
Kama vile tumesimama mlangoni
na mtu anakuja na sufuria la uji wa moto.
Baba aliisoma mara mbili, akaikunja ikawa ndogo,
akaitia chini ya mguu mfupi wa meza.
Meza ikatulia.

Kisha wakaja na rangi nyekundu.
Nyumba yetu ya Bugarika ilikuwa na kuta tatu;
ukuta wa nne ulikuwa jiwe,
jiwe lenyewe la mlima, Mama akalipaka chokaa,
kalenda tukaibandika kwa ugali.
Kijana wa rangi alizunguka, akakuna kichwa,
akaandika X yake juu ya jiwe.

Siku moja kabla ya tingatinga Baba alisema:
tung'oe wenyewe. Bati la kung'olewa na mwenyewe halipindi.
Tukapanda.
Msumari wa bati hautoki kimya.
Mimi nilipewa kopo la maziwa ya unga
niikusanye, niinyooshe kwa nyundo, mmoja mmoja,
huku majirani wakitutazama
kama watu wanaotazama mtu anayejinyoa bila kioo.

Sarufi niliijulia pale juu.
*Ng'oka*: kitu kimetoka, na hakuna wa kulaumiwa.
*Ng'olewa*: yupo mtu, ila sentensi imemficha.
Nikamtafutia Baba kauli yake,
pale alipochuchumaa kwenye kenchi, misumari mdomoni.
*Jing'oa*.
Kitabuni sikuwahi kuiona.

Kwenye bonde la bati la tatu tulikuta meno.
Meno ya utoto, tuliyoyarusha juu ya paa tukiomba mapya.
Manne, ya manjano kama punje za mahindi.
Lugata alilitambua lake, au alisema hivyo.
Mama akayafunga kwenye pindo la khanga
pamoja na nauli.

Jiwe halikung'oka.
Tingatinga lilisukuma, likarudi nyuma, likakohoa, likazima.
Barabara ikapinda kidogo, kwa adabu.
Wakati mwingine hupita pale bila sababu:
X bado ipo,
imepauka hadi rangi ya ufizi.

Sasa naishi Buswelu, nina kamusi
na kopo la misumari chini ya kitanda.
Jana usiku, umeme ulipokatika, nilisoma kwa tochi ya simu:
*ngoa*, bila ritifaa. Hamu kali.
Uchu wa kitu ambacho mwenzio anacho nawe huna.

Nikatoa msumari mmoja, nikaushika mpaka ukapata joto.

Mwalimu Bahebe,
siku ile sikukosea.
Niliwahi tu.